Gari la Mwanyumba Halipandi Mlima

Fundi wa dizeli anayepakana na kibanda changu cha kushonea anaitwa Ngoja Kwanza, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Mletee gari linalotoa moshi mweusi, atakwambia ngoja kwanza. Mletee lisilowaka asubuhi, ngoja kwanza. Atakuuliza maswali kuliko mkwe: lilianza lini, likiwa baridi au moto, mafuta ulitia wapi. Hapo boneti haijafunguliwa. Nimewahi kushona sare za shule nzima huku gari moja likiwa juu ya mawe.

Jumatatu moja lilikuja gari la mwanyumba wake, yaani mume wa dada wa mkewe. Kwenye tambarare linakwenda vizuri. Likianza mlima linaishiwa nguvu na kuzima, kisha baada ya dakika kumi linawaka kana kwamba halijafanya kosa lolote. Mafundi wawili walishabadilisha pampu na nozeli.

"Jumamosi tunahama, mwanyumba," alisema mgeni. "Siku mbili njiani, na milima yote ile."

"Ngoja kwanza. Mkeo anajua umelileta kwangu?"

"Hajui. Na wako?"

"Hajui."

Wake zao walikuwa hawasemeshani, mwaka wa nne huo, kisa kitambaa cha kichwa cha marehemu mama yao, cha maua ya zambarau. Alikitunza mdogo, mke wa fundi. Dada alikuja kumtembelea siku tatu, na alipoondoka kitambaa hakikuonekana tena. Mdogo akamwita mwizi mbele ya watu. Nilikuwepo, nikanyamaza, na mpaka leo naona haya.

Fundi alianza na vitu vidogo. Chujio la hewa, safi. Chujio la dizeli, jipya, na halikuwa na maji. Akaunganisha kipande cha mpira unaoonyesha ndani kwenye bomba la mafuta, aone kama pampu inavuta hewa. Hakuona povu. Akaupanda mlima wa nyuma ya soko, gari likazima, na mpira ukawa mtupu. Akachomoa bomba, akapuliza kwa mdomo kuelekea kwenye tangi, akatema dizeli, gari likawaka. Basi kuna kitu ndani ya tangi. Mlimani kinavutwa na kuziba bomba, gari likizima kinaachia.

Alhamisi akashusha tangi, akaingiza waya uliopinda ncha, akavuta. Kikatoka kitu kirefu, cheusi, kinachuruzika. Akakisuuza, akakitandaza juu ya meza yangu bila kuomba ruhusa. Upindo wake niliushona mimi. Zambarau bado ilionekana.

Fundi akakaa juu ya tairi. Asubuhi ile dada alipokuja kuchukuliwa na mumewe kwa gari hilihili, mfuniko wa tangi ulikuwa umepotea, na yeye fundi ndiye aliyeziba mdomo wa tangi kwa tambara alilolichomoa kwenye kamba ya nguo bila kutazama. Mwanyumba alipofika kwake hakulikuta, akadhani limeanguka njiani, akanunua mfuniko mwingine. Dada aliitwa mwizi, na kweli alikibeba, miaka minne, bila kujua.

"Dizeli inatoka hii?" akaniuliza.

"Haitoki."

"Nikikitupa?"

"Kitupe uone. Nitasema mimi."

Akaenda nacho nyumbani, akasema yote. Nilitegemea kelele, hazikuja. Mkewe alikinusa, akavaa viatu, akasema, "Nipeleke."

Nyumba ya dada ilikuwa imejaa maboksi. Mdogo alisimama mlangoni na kitambaa mkononi.

"Dada, nilikukosea."

Dada akakitazama kitambaa, akaitazama mikono ya fundi yenye dizeli, akaelewa.

"Ingia, mdogo wangu."

Mdogo alilala huko siku mbili, kwenye godoro moja na dada yake, katikati ya maboksi. Fundi hakuambiwa aingie wala aondoke, kwa hiyo alirudi gereji akafunga tangi.

Jumamosi gari lilipakiwa mpaka juu, likaupanda mlima wa nyuma ya soko bila kukohoa. Fundi akatabasamu kwa mazoea. Kisha akamwona mkewe, akaacha. Mkewe alisimama barabarani mpaka gari likapotea, na kitambaa kikaenda nalo, safari hii kichwani kwa dada.

"Miaka yote ngoja kwanza, ngoja kwanza," akamwambia mumewe. "Gari la kumwondoa dada yangu ndilo umeliwahi."