Gari la Shemeji Lisiloguswa na Spana

Shemeji yangu aliponunua gari la mbio, nusu ya Tabora ilikwenda stesheni kulitazama likishushwa kutoka kwenye behewa. Lilikuwa jekundu, la viti viwili, halina paa, na tumbo lake lilikaribia ardhi kiasi kwamba kuku angepita uvunguni kwa kuinama. Dada yangu, ambaye ndiye mkewe, alilizunguka mara moja, kisha akaniambia, "Ana watoto sita. Mwambie achague mmoja."

Shemeji alikuwa mfanyabiashara wa nta, na miaka ile baada ya vita nta ilikuwa mali. Mimi nilikuwa fundi, na banda langu lilikuwa mtaa wa Ng'ambo. Kazi nilijifunza jeshini, kwenye malori ya Waingereza, na huko porini hakuna aliyewahi kuniuliza cheti changu kiko wapi. Ilimradi lori liende.

Sasa gari lilikuja na karatasi. Karani mmoja wa reli alitusomea ukurasa wa mbele: kwa mwaka mzima kampuni italitengeneza bure likiwa na kasoro, lakini fundi asiye wa kampuni akilegeza au kukaza hata nati moja, dhamana imekufa. Fundi wa kampuni alikuwa Dar es Salaam.

"Usiliguse," shemeji akaniambia. "Hata likikuomba."

Wiki haikuisha akaja bandani uso umemshuka. Alikuwa amekwenda Puge, na barabara ilikuwa imelikwaruza gari tumbo lote. Alitaka ngao ya chuma chini, kichanja cha kubebea magunia ya nta nyuma, na kivuli juu ya kichwa chake. Yote bila kugusa nati. Nikamwambia gari si mzinga wa nyuki, halifungwi kwa kamba. Macho yakamng'aa.

"Karatasi haikutaja kamba," akasema.

Hapo alinishika pabaya, maana kufunga mzigo ni jambo ambalo Mnyamwezi hakubali kushindwa. Babu zetu walipeleka pembe za ndovu pwani mabegani, na mzigo uliofumuka njiani ulikuwa aibu ya ukoo. Nikaleta kamba za magome ya miombo, nikaziloweka, nikafunga bati la pipa chini ya tumbo, nikafunga miti nyuma, nikatandika mkeka juu ya fito nne. Kamba zilipokauka zikakaza, hakuna kilichocheza. Gari lilionekana kama bibi harusi aliyebebeshwa kuni. Tulipopita Kigwa, mzee mmoja alitusimamisha akauliza kitanda tunakiuza bei gani.

Masika yalipokaribia tukaogopa kamba zisioze. Shemeji akatoa nta yake nzuri kabisa, nami nikazipaka kamba zote, tabaka juu ya tabaka. Naomba msomaji ajionee mwenyewe akili zetu. Mmoja anauza nta, mwingine amekulia chini ya mizinga, na hakuna mtoto wa Unyamwezi asiyejua kwamba mzinga mpya hupakwa nta ili uwaite nyuki. Wiki ya pili kundi zima likahamia kati ya bati na tumbo la gari. Shemeji alinikataza katakata nisiwafukize, eti moshi utaharibu rangi. Akawa anaendesha polepole, nyuki wakimsindikiza, naye akiwapungia watu mkono kama gavana.

Ndipo gia ya tatu ikaanza kuruka. Ukiitia inashika, ukiongeza mafuta inachomoka. Nilijua kwa kusikiliza tu kwamba ile ilikuwa kasoro ya kiwandani, lakini nilikuwa nimekatazwa. Shemeji wala hakushtuka, bali alifurahi. Watu walikuwa wamemcheka kutoka msikitini hadi sokoni, na kila aliyemcheka alikuwa amejibiwa kwamba kampuni yenyewe itakuja Tabora kumhudumia. Heshima yake yote sasa ilikaa juu ya karatasi ile. Akaandikisha barua kwa kampuni, tukangoja.

Baada ya majuma mengi fundi wa kampuni, Mzungu, akashuka treni na mkoba wake. Asubuhi ile nilikuwa nimekata kamba zote na kuwafukiza nyuki, moshi upende usipende, lakini wachache walikuwa wamerudi kutafuta kwao. Mzungu akalala chali, akaingia uvunguni. Alitoka haraka kuliko alivyoingia, sikio limeshaanza kuvimba. Hata hivyo alikuwa ameona alichotaka. Akakiri mbele ya watu kwamba rangi ya kiwandani ilikuwa haijavunjika kwenye nati hata moja. Shemeji akanitazama kama mtu aliyeshinda kesi.

Kisha Mzungu akaigeuza karatasi. Nyuma kulikuwa na maandishi madogo kama chawa, ambayo karani hakuyasoma wala sisi hatukuyauliza. Dhamana ilikuwa ya magari yanayopita kwenye lami.

"Hapana lami, hapana dhamana," akasema kwa Kiswahili chake.

"Bwana," shemeji akasema taratibu, "lami si kazi ya serikali yenu?"

Mzungu akajibu kwamba yeye si mtu wa serikali, ni mtu wa kampuni. Akafunga mkoba wake, akarudi stesheni. Yaani dhamana ile ilikufa siku gari lilipogusa ardhi ya Tabora, na sisi tukailinda maiti miezi minane.

Watu walikuwa wamejaa, na hakuna aliyecheka, jambo lililokuwa baya zaidi. Mimi niliyemcheka siku zote hizo nilimwonea huruma, na nilikuwa na hasira. Shemeji akaikunja karatasi, akaitia mfukoni.

"Shika spana," akaniambia.

Nikalifungua giaboksi palepale, mchana kweupe, mbele yao wote. Ndani nikakuta pete ndogo ya kuzuia gia ambayo mafundi wa Ulaya hawakuiketisha mahali pake. Nikaiketisha, nikafunga. Kesho yake shemeji akaliendesha hadi stesheni na kurudi, na gia ya tatu haikutikisika.

Akazima injini, akabaki ameshika usukani.

"Na hii kazi yako, shemeji, ina dhamana?"

"Nakaa nyumba ya tatu kutoka kwako," nikamwambia. "Likikataa, njoo upige hodi."