Kisima Nilichokilipua kwa Mdomo

Mwanangu, iko siku moja pale Longonot ambayo hadi leo nikiikumbuka naona haya. Ilikuwa miaka ya sabini, nami nilikuwa nimemaliza kidato cha nne juzijuzi. Wahandisi walikuwa wakichimba visima virefu nyuma ya mlima ili watoe mvuke wa ardhini wa kuzalisha umeme. Watu wetu walikuwa na wasiwasi. Mlima ule ni wa volkano. Wazee walisema umelala tu, na sasa kuna watu wanautoboa ubavuni.

Chifu akaita baraza. Mhandisi alizungumza Kiingereza, na chifu akanisimamisha nitafsiri. Kichwa kilinivimba. Mambo yalienda vizuri mpaka mhandisi alipotaja watakachokifanyia kisima Jumatatu. Alitumia neno la Kiingereza "blow", ambalo kwake lilikuwa la kupuliza. Mimi nililijua kutoka habari za vita, madaraja yakilipuliwa. Nilisita. Niliona aibu kumwuliza mbele ya umati, basi nikasema kwa sauti kubwa, "Jumatatu watakilipua."

"Kulipua?" akauliza Mama Njeri, jirani yetu, akiwa amembeba mgongoni binti yake Njeri wa wiki tatu. "Na mlima ukiamka?"

"Tutakimbilia Molo tukale viazi!" mwanamume mmoja akadakia, watu wakacheka.

Mama Njeri hakucheka. Aliniangalia mimi. "Wewe umesoma. Kuna hatari?"

Nikamjibu, "Huwezi kujua, mama."

Jumapili Mama Njeri na mtoto wake walipanda lori lililokuwa limeleta viazi na sasa linarudi Molo tupu, wakimbilie kwa wazazi wa mama. Mvua ikawanyeshea njiani, huko nyuma kusiko na turubai.

Jumatatu kisima kilinguruma mchana kutwa. Wingu jeupe likapanda, basi. Fundi mmoja niliyemkuta barabarani akaniambia, "Tunauachilia mvuke tupime nguvu yake." Hapo ndipo nilipojua nimewapotosha watu. Na bado, mwanangu, nilikaa siku mbili bila kumwambia mtu.

Siku ya tatu tukasikia kwamba mtoto amelazwa Nakuru, ana nimonia. Nilimkuta Mama Njeri kando ya kitanda, macho yake hayabanduki kwenye kile kifua kidogo kilichopanda na kushuka upesiupesi. Nikakiri yote. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Kumbe hukujua? Si ungesema hujui?"

Wiki nzima tulisikiliza pumzi ile. Njeri alipona. Lakini kwa miaka mingi, kila watu wa umeme walipokuja kuuliza maoni yetu, Mama Njeri aliinuka akaenda zake kabla hawajafungua mdomo, na wengi wakamfuata. Wageni waliwaita wajinga. Hawakuwa wajinga, mwanangu. Walikuwa wameniamini mimi.

Siku hizi mnaitwa mikutanoni kuhusu umeme wa mvuke, upepo na jua. Ukipewa kazi ya kueleza, neno usilolijua liulize hapo hapo, hata wakikucheka. Ukiwa msikilizaji, usikubali wala usikatae kabla hujajibiwa kwa lugha unayoielewa. Ukigundua umewapotosha watu, wakimbilie siku hiyo hiyo, usijifiche kama mimi. Mungu akupe moyo wa kusema "sijui" bila kuona haya, na wanaokutegemea wasiumizwe kamwe na neno lako.