Paa la Gari kwa Shibiri za Bi Mkubwa

Hakuna kitu chenye magurudumu kinachoweza kunishangaza mimi. Nasema hivyo wala sioni haya. Nimepasua kiti cha lori nikakuta nyoka ametaga mayai ndani ya sponji. Nimeshonea tuktuk viti vya ngozi ya mbuzi yenye manyoya, kwa kuwa mwenyewe alitaka hivyo, na abiria wakapanda. Nimetengeneza viti vya gari la maiti na vya gari la harusi katika wiki moja, na pande zote mbili zikanisifu. Shule niliiacha darasa la tano huko Kaloleni, nikateremka Malindi na sindano ya kushonea magunia mfukoni. Leo nina karakana Muyeye, cherehani sita, na nyumba ya mawe ambayo mwashi aliyeijenga aliniuliza, "Baba, hii yote imetokana na viti?" Nikamjibu, "Kwani wewe umeona mtu asiyekaa?"

Kwa hiyo alipokuja bwana mmoja wa mji wa kale kuniuliza kama naweza kazi ya gari la zamani, nilicheka. Nikamfuata kwao kwa miguu yangu.

Gari lilikuwa ndani ya ua, chini ya bati. La watu wawili tu, la kijani, fupi, limelala chini kama paka anayevizia. Halikuwa na kitu juu. Milango yake ilikuwa midogo, mtu akikaa mabega yote yako nje. Gari la namna hiyo huja na paa la turubai la kukunja, na vidirisha viwili vya pembeni vya plastiki laini yenye fremu, unavichomeka mlangoni mvua ikija na kuvichomoa jua likirudi. Hapa hapakuwa na paa, wala vyuma vya kulishikilia, wala vidirisha.

"Viko wapi?" nikauliza.

"Vilitolewa sadaka," akasema.

Nikamtazama usoni nione kama ananifanyia mzaha. Akanieleza. Baba yao, mfanyabiashara ambaye wazee wake walitoka visiwa vya kaskazini, alikuwa amefariki. Desturi ya nyumba ile, nguo za marehemu hugawiwa watu. Katika kugawa, aliyetumwa stoo alikuta turubai limekunjwa vizuri na kufungwa kwa kamba, na vidirisha vimeviringishiwa shuka, akajua ni vitu vya marehemu alivyovithamini. Akavibeba pamoja na kanzu. Vyuma akampa mtu wa skrepa, apate nauli. Walipostuka, turubai lilikuwa limekatwa vipande kufunikia matofali.

"Picha je?"

"Baba hakuwa mtu wa picha." Akanionyesha kwenye simu magari ya aina ile ya Ulaya, lakini hata moja halikulingana. Paa la baba yao lilitengenezwa hapahapa na fundi aliyekwisha kufa, si la kiwandani. "Anayelijua kwa undani ni Mama peke yake. Na Mama yuko edani."

Mimi ni Mgiriama, lakini nimekaa na Waislamu miaka, najua eda. Mjane hatoki nyumbani, hajipambi, na wanaume wasio wa damu yake hawamwoni. Basi walinitilia kiti ukumbini mbele ya pazia zito la rangi ya zabibu. Nyuma yake alikaa yeye, na mkamwana wake akakaa upande wangu, awe shahidi na wa kupitisha vitu.

"Shikamoo, Bi Mkubwa. Na poleni kwa msiba."

"Marahaba, mwanangu. Tumekwisha poa, ni kazi ya Mungu. Ati wewe ndiye fundi?"

"Ndiye, Bibi. Kutoka hapa mpaka Kilifi hutapata mwingine."

"Kilifi si mbali," akasema. Mkamwana akajifunika mdomo kwa mtandio.

Nilifungua futi yangu nikaanza kumwuliza urefu na upana. Hakujua inchi hata moja. Paa lile hakuwahi kulitazama kutoka nje. Alilijua kutoka ndani, kwa kuwa kila alipopanda, mzee alikuwa amekwisha kulifunika na kuvichomeka vidirisha, wasionekane mjini. Akaanza kunieleza kitu ambacho alikikalia chini yake umri mzima. Kutoka utosini pake mpaka kwenye turubai, shibiri moja na vidole viwili. Kioo cha nyuma, upana wa shibiri tatu, na kilipinda kidogo upande wa mzee. Mshono wa katikati ulipita juu ya goti lake la kulia. Mvua ikinyesha, tone la kwanza liliingia pembeni, likamwangukia kwenye kiwiko, "siku zote hapo hapo, mpaka nikawa naweka leso kabla."

"Hilo tone nitaliziba, Bibi."

"Ukiliziba nitajuaje kuwa ndilo paa lenyewe?"

Nikarudi Muyeye, nikakunja vyuma, nikakata turubai la majaribio kwa shibiri zile zile alizonitajia. Siku ya pili nikaenda kulivika gari. Lilisimama juu kama kibanda cha muuza kahawa. Nilizunguka mara mbili, nisielewe, mimi niliyevalisha mabasi. Mkamwana ndiye aliyenitazama mikono akacheka: "Fundi, hiyo shibiri ni ya nani?"

Nilikuwa nimepima kwa shibiri yangu. Vidole vyangu ni vya mtu aliyeanza na magunia.

Bi Mkubwa aliposikia alicheka mpaka akakohoa. Kisha akasema nisubiri. Edani alikuwa akisuka ukili wa mikeka, kazi ya kupitishia mchana. Kuanzia siku ile kila kipimo alinisukia. Pazia linafunguka chini kidogo, unatoka ukanda wa ukindu umekatwa sawasawa: huu wa utosini, huu wa kioo, huu wa kutoka begani mpaka ukingo wa kidirisha. Nilivitundika karakanani kwenye misumari. Vijana wa kazi wakauliza kama nimehamia biashara ya mikeka.

Nilikuwa nikienda baada ya alasiri. Naletewa kahawa na kaimati, nauliza swali moja, nakaa saa nzima. Alinisimulia kwamba vidirisha vilifungwa mjini tu. Wakishavuka daraja la Sabaki, mzee alisimama kando, akavichomoa vyote viwili, akavitia nyuma ya viti, na kutoka hapo mpaka Mambrui kwao alikozaliwa, upepo ulikuwa wake.

"Buibui linapiga kama bendera," akasema. "Na yeye hasemi neno. Aendesha tu, atabasamu kwa mbali, ajifanya hanioni."

Ndipo akaniambia anachokitaka. Siku eda itakapokwisha, ataoga, atavaa nguo mpya, nduguye atakuja kutoka Mambrui kumwendesha. Watatoka mjini wamefunga vidirisha. Wakivuka daraja atavichomoa kwa mkono wake mwenyewe. Mara moja tu. Baada ya hapo gari na life.

"Nikuendeshe mimi, Bibi, ungetoa meno yote kwa kucheka," nikamwambia. "Magari yote haya niliyoshona, mimi kuendesha sijui." Sijapata kumwambia mtu mwingine. Watu wa Muyeye wanadhani naona uvivu tu.

"Wewe!" akasema. "Na majisifu yote hayo?"

Wiki iliyofuata mtoto wake mkubwa, yule yule aliyenipa kazi, alikuja karakanani. Alisimama mlangoni, hakutaka kukaa. Akasema paa nilimalize kabla ya Alhamisi, kuna mtu wa Nairobi amelinunua gari, lori litakuja siku hiyo. Eda ilikuwa inakwisha Jumatatu yake.

"Bwana, Mama yako anataka kulipanda."

"Najua anachotaka Mama. Akitoka nje atalia, na mimi nitashindwa kuliuza. Tuko sita, fundi. Kila mmoja ana haki yake mle. Bora atoke alikute limekwisha kwenda."

"Ngoja Jumatatu tu. Siku nne."

"Mtu amekwisha lipa." Kisha akapunguza sauti. "Na usimwambie."

Nilimwuliza bei, nikasema nitalinunua mimi. Akanitajia. Nyumba yangu na cherehani zangu zote zisingetosha nusu yake. Alinishika bega, si kwa dharau, nadhani alinihurumia, na hilo lilinichoma zaidi. Basi nikatumia akili yangu. Nikajiambia, hakuna tajiri atakayesafirisha gari kama lile kichwa wazi. Nikilikawiza paa, gari litakaa. Kazi ilikuwa imekwisha, imebaki kupiga vishikizo vya shaba tu, lakini nikasema plastiki ya vidirisha inatoka Mombasa, haijafika. Jumatano nikasema haijafika. Kwa Bi Mkubwa sikwenda siku hizo. Ningemwambia nini?

Alhamisi niliitwa. Nilikuta lori limerudishwa kinyumenyume mpaka mlango wa ua, na mbao mbili zimetegwa. Mnunuzi mwenyewe hakuja, alituma vibarua wawili na dereva. Nikamwambia paa halijawa tayari. Akatazama juu. "Jua zuri hivi," akasema. "Paa la nini?"

Akaliwasha. Lilinguruma, akalikanyagia mafuta ovyo.

Dirisha la juu lenye wavu likafunguka kidogo. "Nani huyo anayelipigia kelele?" ikasema sauti yake. "Mwenyewe hakuwa akilikanyaga hivyo."

Mtoto wake akanitazama mimi, kisha akainua uso. "Ni fundi, Mama. Analijaribu."

 Dereva akaachia mafuta.

"Fundi hajui kuendesha," akasema Bi Mkubwa. "Kaniambia mwenyewe."

 Alikuwa edani, na uani kulikuwa na wanaume wageni wanne. Hangeweza kushuka. Naye alijua, na mwanawe alijua.

"Mwanangu," akasema, "katika gari hilo mna thumuni yangu. Sheria yanipa mjane sehemu moja ya nane. Ni ipi? Gurudumu? Taa? Nitolee basi, liende lililobaki."

"Utapewa pesa zako, Mama. Zote."

"Sikuuliza pesa."

Gari likapanda mbao, likafungwa kwa minyororo. Dirisha lilikuwa limekwisha fungwa kabla lori halijatoka.

Jumanne mkamwana akanipigia simu: Bi Mkubwa ametoka eda, ataka kuliona paa. Nilipakia vyuma na turubai na vidirisha kwenye tuktuk nikaenda. Nilimwona kwa mara ya kwanza. Kwa sauti ile nilidhani ni mwanamke mrefu. Kumbe anafika kifuani kwangu, amejitanda leso mpya bado ina gundi ya dukani, na mikono yake ni midogo kama ya mtoto. Nikaielewa ile shibiri.

"Lisimamishe," akasema.

Pale lilipokuwa gari palibaki doa la mafuta. Niliweka mabenchi mawili, nikafunga vyuma juu yake, nikatandaza turubai, nikavuta mpaka likanyooka. Mkamwana akaleta viti viwili vifupi vya jikoni, tukavitia chini. Nikachomeka vidirisha. Bi Mkubwa akainama, akaingia, akakaa kiti cha kushoto. Nilimwona kupitia plastiki. Aliinua mkono akapima kutoka utosini: shibiri moja, vidole viwili. Akageuka akatazama kioo cha nyuma, ambacho nilikipinda kidogo kama alivyosema. Kiti cha kulia hakukitazama.

Alikaa muda. Kisha akanyoosha mkono, akakichomoa kidirisha cha upande wake, akakipakata. Hakukuwa na upepo. Jirani alikuwa akikaanga vitunguu, harufu yake ikaingia uani. Alifumba macho hata hivyo. Mkamwana alikwenda jikoni akajifanya anaosha vyombo.

Alipotoka, macho yake yalikuwa makavu kuliko yangu.

"Mpelekee mwenye gari," akasema.

"Bibi, sitampelekea. Acha aote jua."

"Gari lina kosa gani? Masika yaja. Litaoza viti." Bado alikuwa amekipakata kile kidirisha. "Hiki sikupi. Hii ndiyo thumuni yangu."

Nikarudi Muyeye nikashona kidirisha kingine cha kushoto, nikafunga mzigo wote kwa magunia, nikaupeleka ofisi ya basi. Kwa mtoto wake sikuchukua kitu, ingawa aliniletea bahasha mara mbili. Mkamwana aniambia kidirisha kimeegemezwa ukutani chumbani kwa Bi Mkubwa, na Ijumaa hukipangusa kwa kitambaa chenye maji. Mimi nisiyemfanyia mtu kazi ya bure, turubai, vyuma, shaba, plastiki ya vidirisha vitatu na nauli ya mzigo mpaka Nairobi vilinitoka mfukoni mwangu shilingi elfu arubaini na mbili, mia saba na hamsini.