Tela Nililoliona Kabla Halijafika

Nisiseme uongo: kaka yangu nilimwonea gere. Tena si ile gere ya watoto ya kugombea finyango la nyama, ikapita. Hii nililala nayo na kuamka nayo.

Tulikaa Mpemba, karibu na mpaka wa Tunduma, nyumba ya matofali mabichi pembeni mwa barabara kuu, miaka ile ya ruksa ya biashara ambapo kila aliyeweza alitafuta gari la kubeba mizigo kwenda mpakani. Baba, mtu wa kuja kutoka Tanga, alikuwa ameendesha magari ya watu tangu ujana wake. La kwake alilipata nywele zimeshakuwa nyeupe: roli kuukuu lenye tela refu, likikohoa kila asubuhi mpaka majirani wanaamka. Mwaka alioanza kulalamikia magoti, akatangaza tukiwa tunakula, akimnyooshea kaka kidole: "Huyu kijana akijua kurudi nyuma na tela, namwachia usukani."

Huyu kijana! Mimi nilikuwa nimekaa pale pale na bakuli la mchuzi mkononi, msichana wa miaka kumi na mitano, na hakuna aliyegeuza hata shingo kunitazama.

Masomo yalikuwa uani, baada ya swala ya alasiri. Baba alitandika mkeka, akatoa viberiti viwili vitupu alivyoviunganisha kwa pini. Cha mbele ni gari, cha nyuma ni tela. Kaka alishika mfuniko wa sufuria kama usukani, akafumba macho. Baba aliamini kwamba vioo peke yake havitoshi. Kabla ya kulirudisha tela barabarani lazima uwe umeshalirudisha kichwani.

"Gari linaangalia Tunduma," baba anasema. "Nataka mkia wa tela uingie getini, kushoto kwako. Usukani unaupeleka wapi?"

Kaka anazungusha mfuniko kushoto.

"Kulia," nasema mimi, nachambua mchele, wala sijainua uso. "Kulia kwanza, mkia ukishaingia ndiyo unakata kushoto kulifuata."

Baba anasukuma viberiti. Mkia unaingia. "Umemsikia mdogo wako?" anasema, anacheka mpaka anakohoa. Halafu anamrudishia kaka mfuniko ule ule.

Siku moja akatuuliza kila mtu anaonaje akifumba macho. Kaka akasema anajiona yuko kwenye kiti, usukani anausikia viganjani, lakini tela halioni. Liko nyuma yake, basi. Mimi nikasema naona kutoka juu, kama mwewe anayezunguka juu ya vifaranga: ua wote, geti, jiko la mama, tela linavyojikunja, na pale litakapokuwa muda mdogo mbele. Mama akasema, "Mimi nikifumba macho naona usingizi tu, niacheni." Baba naye akasema kichwani mwake bado ana miaka thelathini. "Nikifikiria kuruka, nimesharuka," akasema. Tulicheka sana, maana alikuwa ameshika ukuta ili asimame.

Akahitimisha kwamba wanaume wanaona kwa mikono, wanawake kwa macho, na wazee wanaona walivyokuwa zamani. Nikamuuliza: kama mimi ndiye ninayeona, kwa nini mfuniko anashika yeye?

"Mwanangu," akasema, "foleni ya pale mpakani unaijua, na wale wanaume unawajua. Wewe siku kaka yako atakapolirudisha tela kweli, utasimama nyuma, utuambie akate lini."

Nisimame nyuma! Nilinuna siku tatu. Chai ya kaka nilikuwa naipeleka imepoa makusudi.

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili asubuhi, barabara tulivu, majirani wengi wako kanisani. Kaka alipanda, akarekebisha kioo. Baba akasimama kwenye kona ya jiko, upande wa kushoto, ule ambao dereva hauoni. Mimi nikawekwa ndani ya ua, mkabala na geti, mahali ambapo baba ananiona na sauti yangu inamfikia kaka.

Akaanza kurudi. Loo, alirudi vizuri! Kulia kidogo, mkia ukaitika, ukaingia getini taratibu. Wale wachache waliokuwa wamesimama nje wakaanza, "Dereva huyo! Dereva huyo!" Mama akapiga kigelegele. Roho iliniuma. Majibu yangu yote ya pale mkekani yalikuwa yamekaa kwenye kile kiti, yanapigiwa vigelegele, na mimi nimesimama kwenye vumbi.

Hapo kaka akachelewa kukata kushoto. Nililiona. Tela lilikuwa bado halijaharibika, lakini kichwani mwangu lilikuwa limeshajikunja na mkia umeshaenda kwenye kona ya jiko. Neno "kata" lilikuwa kwenye ulimi. Nikalimeza. Acha agonge, nikajiambia. Acha ukuta ubomoke, waone huyo dereva wao.

Baba nilimwona pia, nisijitetee. Lakini kichwani mwangu alikuwa ameshajitoa, ameruka kinu cha mama kilichokuwa pale jikoni, kama alivyokuwa akikiruka kutuchekesha tulipokuwa wadogo. Nikaridhika.

Baba hakuruka. Aliinua mguu mmoja, ukagota kwenye kinu, na tela likambana ukutani. Kilichomwokoa ni yale matofali mabichi: ukuta ulianguka kabla yake. Mguu ulivunjika mahali pawili.

Hakuendesha tena. Kaka alishuka garini, na hakupanda tena kiti kile, hata baba alipombembeleza. Roli likauzwa. Kaka akahamia Ihanda kulima kahawa, na mpaka leo akiendesha baiskeli, kila kona anashuka anaisukuma. Watu walisema ana mikono mizito. Mimi nilisikia, nikanyamaza.

Miaka ishirini ilipita. Siku hizi nikiona maroli yanarudi pale mpakani, nafumba macho nijaribu, na tela langu linakuja kwa kusitasita, linapotea, linarudi. Binti yangu ana miaka kumi na minne. Anasema "litagonga hilo" wakati mimi bado natafuta gurudumu. Na yeye namwonea wivu, Mungu anisamehe.

Nadhani wivu huo ndio ulionisukuma. Nilimpelekea baba uji, nikakaa karibu na fimbo yake, nikamwambia yote. Kwamba niliona mapema. Kwamba nilinyamaza kwa kijicho tu.

Alikunywa uji kwanza.

"Najua," akasema.

"Unajua nini, baba?"

"Uliona. Mimi tela sikuwa naliangalia kabisa. Nilikuwa nakuangalia wewe mdomo. Nikasema, huyu akifungua tu, najitoa." Akaweka kikombe chini. "Nikakuona umeufumba, nikajua pako salama."

Nilitaka kumshika miguu. Akanizuia kwa mkono.

"Mimi nimeshazeeka nao huu mguu. Nenda Ihanda ukamwambie kaka yako. Yeye mpaka leo anadhani ilikuwa mikono yake."