Kisima cha Mama Nanihii

Nilijiunga na klabu ile bila kujua kwamba nimejiunga. Nilikuwa nimefika Newala nikitokea Tunduru, na kabla ya Tunduru nilikaa Songea, na kabla ya Songea nilikuwa Msumbiji, na suruali yangu ilikuwa imechanika gotini. Nikaenda kwa fundi cherehani karibu na soko. Ilikuwa Jumatano alasiri. Nikakuta watu wamekaa kwenye mabenchi ndani ya chumba chake, nikadhani ni wateja wenzangu, nami nikakaa kungoja zamu. Mama mmoja mtu mzima, mwenye miwani, akasimama akaomba dua fupi ambayo Mwislamu na Mkristo wote waliitikia, kisha akauliza nani atakuja na fyekeo Jumamosi. Mikono ikanyooshwa. Akanitazama.

"Na wewe mdogo wangu, huko mwisho?"

Nikasema sina fyekeo.

"Basi utakuja na reki," akasema, na kikao kikaendelea.

Yule ndiye mwenyekiti, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, na kila mtu alimwita Mwalimu. Mpaka leo sijui vizuri klabu yake ilikuwa kitu gani. Haikuwa ya kanisa wala ya msikiti, haikuwa ya chama wala ya serikali. Jumatano walikutana, Jumamosi walifanya kazi: kufagia soko, kuzibua mitaro, kupeleka uji wodini kwa wagonjwa wasio na ndugu. Jumamosi nyingine walifyeka makaburi, na hapo ndipo nilipochanganyikiwa zaidi, maana Waislamu wa klabu walifyeka makaburi ya Wakristo na Wakristo wakafyeka ya Waislamu. Nilipouliza sababu, mmoja aliniambia ni heshima, mwingine akasema ni kwa kuwa mtu akifyeka kwao anakaa kulia badala ya kufanya kazi. Mwalimu alisema walianza hivyo tu, na hakuna aliyewahi kusimamisha.

Mimi ni mtoto wa Masasi. Nimekulia chini ya yale majabali, upande wa mama ndio wa Newala. Nikiwa mbali niliikumbuka Jumamosi ya Masasi: baba anatutoa nje na mafagio ya chelewa, uwanja unachorwa mistari mpaka unaona haya kuukanyaga. Niliporudi nyumba yetu ilikuwa na watu wengine na uwanja umejengwa fremu za maduka. Nikapanda juu Newala, nikapanga chumba, nikasema nitaondoka mvua zikianza. Nilikuwa nasema hivyo kila mahali.

Msimu wa korosho ulipokuwa umechanganya, na klabu imebaki na watu wachache kwa sababu wengine wote walikuwa mashambani wakiokota, Mwalimu alileta habari ya mjane mmoja wa Makote, kijiji cha nje ya mji. Nitamwita Mama Nanihii. Jina la mtoto wake silitaji, ila niseme ni lile jina wanalopewa watoto waliozaliwa wakati wa dhiki, wa kike kwa wa kiume, na huku kwetu dhiki haikupata kuwa adimu.

Mwalimu alimpigia simu binti wa yule mjane, aliyekuwa Dar, akaweka sauti ya nje ili tusikie wote. Alimfundisha darasa la nne, binti alipokuwa anakaa kwa shangazi yake hapa mjini. Mama wa binti, Mwalimu hakuwahi kumwona.

"Mwalimu, nimechoka," ile sauti ikasema. "Kila nikipiga simu mama ameshuka bondeni na ndoo. Miguu yake si ya kushuka bondeni tena. Kisima kina ufa, mvua ya mwaka jana yote iliishia mchangani. Mwaka huu mvua zikianza kikiwa hivyo hivyo, nakuja kumchukua."

"Na mwenyewe anasemaje?"

"Anasema hataki kuishi ghorofani kama njiwa."

Tulicheka, lakini tulielewa. Huku juu maji ya bomba yanatoka yanapotaka yenyewe. Mtu anachimba kisima kando ya nyumba, anakisakafia kwa saruji, anafunga mfereji wa bati chini ya paa, na mvua ya miezi michache inamfikisha mbali ndani ya kiangazi. Kisima kikipasuka, bonde ni lile lile walilokuwa wakishuka bibi zetu. Tukakubaliana: mwenye duka la vifaa angetoa saruji na pikapu yake, fundi mwashi wetu angeziba, sisi wengine tungebeba.

Fundi alikuwa Mmakua, Mwalimu ni Myao, na hao ni watani, kwa hiyo njia nzima ya kwenda Makote hatukupumzika.

"Fundi," Mwalimu alisema kutoka mbele, "ukikuta panya ndani ya hicho kisima, mkabidhi mwenye nyumba. Usimtie mfukoni ukamfanye kitoweo."

"Nitakugawia mkia, Mwalimu, maana kazi yenu Wayao ni kusimama na kuelekeza tu."

Tuliwakuta wanaume wawili wanachambua korosho barazani. Mwalimu akawasalimu, akauliza kwa Mama Nanihii, yule mjane, mwenye kisima kibovu.

"Kateni kushoto pale, nyumba yenye mkorosho uliolala."

"Kisima chake ni kibovu kweli?"

"Kizima ni cha nani huku?"

Tukakata kushoto. Mama mwenyewe alikuwa mlangoni, mwembamba, kanga moja kiunoni na nyingine begani. Tukamwamkia wote, akamwitikia kila mtu marahaba kwa zamu, hakuruka hata mmoja. Mwalimu akamwambia sisi ni wa klabu ya mjini, tumekuja kwa ajili ya kisima. Yule mama akatutazama, akaitazama saruji kwenye pikapu.

"Mwanangu amewatuma?"

"Ndiyo, mama," Mwalimu akasema. "Mwanao ametutuma. Anakusalimu sana."

Akashika mwimo wa mlango. Nilidhani ameteleza. Kisha akaingia ndani, akakaa muda, akatoka na mkeka.

"Karibuni," akasema. "Nilijua tu."

Sikuona ajabu yoyote. Kisima kilikuwa na ufa kama tulivyoambiwa, kuanzia mdomoni mpaka sakafuni. Fundi akashuka kwa ngazi, akachokonoa lipu ya zamani, sisi tukawa tunapandisha kifusi kwa ndoo na kushusha udongo wa saruji. Jumamosi ile tuliziba ufa na kupiga lipu. Jumamosi iliyofuata tulirudi, fundi akapiga niru ya saruji laini ndani kote mpaka kisima kikang'aa kama bakuli, na mimi na mwenzangu tukafunga upya mfereji wa bati. Wingu lilikuwa limeanza kukusanyika upande wa Ruvuma. Mama alituchemshia ming'oko, vile viazi vya porini, na tulipokuwa tunakula akaja kukaa karibu yangu.

"Amenenepa?" akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Nani, mama?"

"Mwanangu. Nilikusikia ukimwambia fundi ulikaa Msumbiji. Na ule mkono wake ulioungua, unakunjuka sasa?"

Nilitafuna ming'oko kwa muda mrefu kuliko inavyohitaji. Nilijaribu kumpanga yule binti wa kwenye simu, nikamtoa Dar nikampeleka Msumbiji, nikamuunguza mkono. Haikukaa.

"Mama, binti yako si yuko Dar?"

"Binti?" akasema. "Mimi sina binti. Nilizaa mmoja tu, wa kiume. Alivuka Ruvuma kabla baba yake hajafariki, hajaleta hata salamu. Mpaka ninyi."

Nilimfuata Mwalimu alikokuwa ananawa, nikamweleza. Aliniambia nirudie. Nikarudia. Akaendelea kunawa mikono ambayo ilikuwa imeshatakata, akasema twende kwanza, tutaongea garini.

Hatukufika mbali. Kwenye njia panda ile ile tulipokata kushoto, mama mwingine mtu mzima alikuwa anapanda kutoka bondeni, ndoo kichwani, anasimama kila hatua chache. Mwalimu akasimamisha gari, akashuka, akamwamkia.

"Samahani mama, wewe ni mama nani?"

"Mama Nanihii."

Fundi akageuza uso.

"Wa binti aliyeko Dar?"

"Huyo huyo. Niliwaona Jumamosi ile mnapita na saruji," akasema, bila hasira yoyote, "nikasema hao ndio wa mwanangu. Nikaona mmekata kushoto. Nikajua mmeamua kuanza na wajina wangu. Sasa mnakuja kwangu lini? Mwanangu ameshanikatia tiketi ya kwenda Dar. Kasema kisima kikiwa tayari ataifuta."

Saruji ilikuwa imekwisha, tena mfuko wa mwisho tulikuwa tumeukung'uta.

Jumatano kwa fundi cherehani kilikuwa kikao kirefu kuliko vyote nilivyohudhuria. Mwenye duka alisema hana saruji nyingine ya kutoa mpaka watu wauze korosho, na wakati huo mvua ingekuwa imeshanyesha. Wengine walitaka tusimwambie yule wa kwanza, tumwache na furaha yake. Wengine wakasema furaha ya uongo itageuka ugonjwa. Mmoja aliuliza kama inawezekana yule kijana kweli alitutuma bila sisi kujua, na badala ya kumcheka watu wakalijadili. Mimi nilitetea pande zote mbili. Kila aliyesema niliona kasema kweli.

"Aliyesema ndiyo ni mimi," Mwalimu akasema mwishoni. "Nitakwenda kusema hapana. Mdogo wangu, wewe utanisindikiza, kwa kuwa umekaa Msumbiji."

Sikuona kukaa kwangu Msumbiji kutasaidia nini, lakini kesho yake nikaenda. Tukampitia yule wa binti, tukaongozana naye. Nilitazama juu njia nzima. Wingu lilikuwa zito na binti alikuwa amepiga simu asubuhi, na Mwalimu hakuipokea.

Walipokaa mkekani, wale mama wawili waliitana wajina kwa mazoea ya miaka. Mwalimu alivua miwani.

"Mama, mimi nimekosea. Nilikwambia mwanao ametutuma. Aliyetutuma ni mtoto wa mwenzako huyu. Majina yamefanana, nami sikuuliza."

Mama mwenye kisima alinyoosha ukingo wa mkeka. Kuku walikuwa wanaparua mabibo yaliyooza chini ya mkorosho, tukawasikiliza.

"Huyo aliyewatuma anaitwa nani?" akauliza.

Mwalimu akalitaja jina.

"Basi, ndilo la mwanangu."

"Lakini ni wa kike, mama. Ni mwingine kabisa."

"Nimekusikia, mwalimu. Muulize wajina wangu jina hilo alilitoa wapi."

Yule mwingine akainamisha kichwa, akacheka kidogo. "Kwake," akasema. "Nilipojifungua mwanangu hakunyonya siku za mwanzo. Nikaja hapa nikaomba jina la mwanawe, kwa sababu mtoto huyo aliugua sana na akaishi. Akanipa. Ndiyo tukawa wajina."

"Kwa hiyo nilipouliza mwanangu amewatuma, nilikuwa nimekosea nini?" akasema mwenye kisima, na alimtazama Mwalimu kama mtu anayetaka kweli kujibiwa.

Mwalimu alivaa miwani, akavua tena. Mimi nilitazama pembeni. Sikujua kama tumesamehewa, au ametukatalia msamaha, au hajakubali kwamba kuna kosa.

Simu ya Mwalimu ikalia mkobani. Alikuwa binti. Kabla Mwalimu hajajua la kusema, mwenye kisima akanyoosha mkono, akapewa.

"Mwanangu," akasema. "Mama mkubwa hapa. Kisima kimekwisha. Nimekiona kwa macho yangu, fundi ni mzuri... Hapana, mama yako hatashuka bondeni... Cha nani? Chetu. Kiko kwangu. Ndoo yake itakaa kwangu, kutoka kwake mpaka hapa anakuja akiimba." Akasikiliza kwa muda. "Hicho chake watakiziba mwakani. Futa hiyo tiketi. Njiwa ni wewe, mama yako ni kuku, wa kutembea chini."

Akamrudishia Mwalimu simu, na sisi sote tukaisikia ile sauti ikicheka huku inalia, ikisema sawa, sawa mama mkubwa, lakini kiangazi nitakuja kuangalia.

Tulipoaga, mwenye kisima alinishika mkono akanivuta kando.

"Kwa hiyo hukumwona."

"Sikumwona, mama."

"Wala kumsikia?"

"Wala."

"Sawa," akasema. Hakuuachia mkono. "Lakini huko kuna watu wengi. Unaweza kuwa umepishana naye na usijue."

Nikasema inawezekana. Siku ile sikujua kwa nini nilisema hivyo, na sasa pia sijui.

Mvua ilinyesha kabla ya Jumamosi. Sikufunga mizigo yangu kama nilivyokuwa nimesema. Tulikwenda Makote kutazama kama mfereji umeshika, tukawakuta wote wawili wameinama kwenye mdomo wa kisima. Yule wa binti alikuwa wa kwanza kuchota. Akainua kata, akanywa, akakunja uso.

"Maji yana saruji haya, wajina."

"Vumilia. Yatapoa."

Akanywa tena, akajaza ndoo mpaka ukingoni, fundi akamtwisha, akaondoka taratibu kwenye njia iliyonyooka kwenda kwake, maji yakimwagika kidogo begani. Mwalimu alinipa reki. Mkorosho uliolala ulikuwa umejaza majani kwenye mfereji.