Matone ya Watasema

Sisi watu wa Timbwani tunajua kulinda heshima ya kila mtu isipokuwa yetu wenyewe. Ndiyo maana Bi Mwanasiti alipopata mbwa wa kumlindia mbuzi, alimwita Watasema. Nasi tukasema kweli.

Alikuwa mjane wa marehemu Stambuli, akiishi peke yake pembeni mwa minazi, na mbuzi wale ndio riziki yake. Khatibu, ndugu wa marehemu, alimtaka ahamie uani kwake ili shamba la marehemu liingie mikononi mwake. Bi Mwanasiti alikuwa akimjibu kwamba nyumba yake ina mlinzi.

"Basi siku mbwa huyo asipoona, utahama," Khatibu akamwambia.

Mwaka mmoja kabla ya uhuru, jicho la kulia la Watasema likawa jekundu, likavimba. Bi Mwanasiti akamvuta kwa kamba hadi afisi ya mifugo, watu wakicheka njia nzima. Bwana Musyoka wa afisi ile akalibonyeza jicho kwa kidole.

"Mama, hii ni presha ya jicho. Maji ya ndani hayatoki, yanalisukuma. Dawa hii haiponyi, inayafungulia njia tu. Mtilie asubuhi, adhuhuri na jioni, maisha yake yote."

Basi akawa anamtilia. Anamkalisha kitako ukutani, anambana kichwa kwapani, anavuta kope ya chini, tone linaingia. Mboni ikanywea ikawa kama punje ya ulezi, na wekundu ukapungua. Lakini mate ya mbwa ni najisi nzito: yakikugusa huosha mara saba, moja kwa mchanga. Mara tatu kwa siku alinawa mikono hivyo, na wanawake wakalalamika kwamba anamaliza kisima.

"Kisima ni cha Mungu, na mbwa pia," akawajibu, akashusha ndoo.

Ramadhani ilipoandama, tulimbana sote. Mwezi mtukufu, mtu mzima kushinda na mbwa kwapani! Hapo pekee ndipo alipolegea. Akasema atamtilia usiku tu, baada ya futari. Lau angetupuuza! Kabla ya mwezi kufika nusu, Watasema alikuwa akisukuma kichwa ukutani kwa maumivu, na jicho limekuwa jeupe kama maji ya mchele. Halikuona tena.

"La pili laweza kufuata," Musyoka alimwambia. "Nalo litilie. Usiruke hata siku moja."

Alirudi akasimama kisimani, akasema kwa sauti ya kusikika hadi msikitini: "Jicho moja nimewapa nyinyi na midomo yenu. Hili la pili, wallahi, hampati! Nitalitia dawa mchana kweupe, mwenye kuudhika na afumbe macho yake." Nilimpenda siku ile, na nasema wazi.

Akalitilia hadi Ramadhani ikasahauliwa na minazi ikaanguliwa mara kadhaa. Khatibu alipoona chupa bado ipo, akaamini dawa imeshindwa, mbwa amepofuka kabisa na mwanamke anaficha.

Siku ya sherehe za uhuru alikuja adhuhuri na wachukuzi wawili wa kuhamisha vyombo. Alivaa kanzu mpya. Ili atuonyeshe kwamba mbwa haoni, akavua viatu, akauelekea upepo asinuswe, akanyatia zizini kimyakimya. Watasema alikuwa amelala. Akainua kichwa, akamtazama kwa lile jicho la kushoto, akaondoka mbio, akaing'ata kanzu akaipasua hadi kiunoni.

Wachukuzi walikuwa wa kwanza kucheka, kisha kitongoji kizima.

Bi Mwanasiti akamvuta mbwa, akaweka mbele ya Khatibu ndoo ya maji na kifuu cha mchanga.

"Mara saba, shemeji, na moja iwe kwa mchanga. Mimi nimezoea. Na sihami." Kisha akafungua mfuniko wa chupa. "Sasa nipishe, wakati wa dawa umefika."