Kiti Kimoja cha Kwenda Dar

Siku ile bado naikumbuka vizuri, mwanangu, nilipofika uwanja wa ndege na baba yangu, tiketi zetu mkononi, tukaambiwa viti vya ndege ya mwisho ya siku hiyo vimejaa.

Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu. Tulitoka nyumbani Gitting kwenda Dar es Salaam kwa kaka yangu Daniel, aliyekuwa apasuliwe kesho yake asubuhi. Alikuwa ameomba jambo moja tu, atuone kabla ya kuingia chumba cha upasuaji. Wenzake wa kazini walichanga wakatukatia tiketi za ndege, zile za bei nafuu, kwa sababu basi lisingetuwahisha.

Dada wa mapokezi alimwamkia baba shikamoo, kisha akaeleza bila kuzunguka. Wapo abiria wanaokata tiketi wasitokee, kwa hiyo kampuni huuza tiketi nyingi kuliko viti. Kiti kikienda kitupu ni hasara, na nauli ingepanda kwa kila mtu. Siku hiyo walitokea wote, na waliolipa nauli ndogo ndio walioachwa kwanza.

Mimi nilikuwa na mdomo siku zile, na hata leo sijapona kabisa. Nilimwita mwizi mbele ya watu. Baba akanishika bega.

"Nyamaza, Maria. Huyu ametumwa tu. Na nauli kuwa ndogo, hata wewe ulifurahi."

Kisha akamgeukia yule dada. "Binti, nakuelewa. Na mimi nikiita majirani kuvuna, naita wa ziada, maana wengine hawaji. Ila wakija wote na chakula kikapungua, tunaokosa ni mimi na mama yake huyu. Tuliyemwita hatumrudishi na njaa. Mwanangu anapasuliwa kesho. Hebu waulize hao waliopata viti, kama yupo anayeweza kungoja."

Dada alikuwa hajawaza kuuliza. Akaenda kwa abiria, akaahidi malazi na kiti cha kesho yake. Mama mmoja mfanyabiashara akakubali. Ni huyo mmoja tu. Nikamwambia baba aende yeye.

Nilifika hospitali siku ya pili mchana. Baba alikuwa amekaa na kaka jioni nzima, wakacheka, wakasali pamoja. Mimi nilimkuta kaka amefunikwa shuka, kwa maana hakuamka baada ya upasuaji. Uchungu ule ninao mpaka leo, na sikudanganyi kwamba nimeshasamehe kila mtu.

Ndiyo maana nasema na wewe unayeanza kazi ya kupokea abiria. Sikuambii kampuni iache kuuza tiketi za ziada, mimi mwenyewe nasafiri kwa nauli hizo nafuu. Nakuambia hivi: siku wakitokea wote, usimwache mtu kwa kuwa alilipa kidogo au ni mpole. Waulize wanakokwenda kuna nini, mwombe anayeweza kungoja, na gharama yake ibebwe na kampuni iliyoita watu wengi. Na siku ukiwa wewe ndiye msafiri, una jambo lisilosubiri, wahi mapema, usingoje ndege ya mwisho. Tena usimtukane aliye mbele yako, huenda ndiye atakayekusaidia.

Mungu akulinde njiani, mwanangu. Na kila unapokwenda kwa mtu unayempenda, akujalie umkute yu macho, anakungoja.